Mizigo Mipana na Mizito Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vibali na Mipango ya Safari

Ukurasa huu ni wa madereva na wenye malori wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, hasa waliokwisha kuzoea trela la futi 53 na sasa wanataka kuingia kwenye lobedi, trela lenye deki ya chini la kubebea mashine nzito. Vipimo tumeviacha katika futi, inchi na paundi kwa sababu ndivyo kibali kinavyoandikwa. Sheria za majimbo hubadilika. Namba za hapa zitakusaidia kupanga, lakini ukiwa barabarani neno la mwisho ni la kibali kilichomo mkononi mwako.

Mzigo unahesabiwa kuwa umezidi kuanzia wapi?

Kwa upana, mstari ni futi 8 na inchi 6, sawa na inchi 102. Kwa uzito, katika barabara kuu za Interstate, jumla ya gari na mzigo haitakiwi kupita paundi 80,000. Ekseli moja isizidi 20,000, na ekseli mbili za pamoja zisizidi 34,000. Hayo yamewekwa na serikali kuu.

Kimo hakikuwekwa na serikali kuu, kila jimbo limejipangia. Majimbo mengi ya mashariki yanasimamia futi 13 na inchi 6. Texas na California ni futi 14, Nebraska ni futi 14 na inchi 6. Kwa hiyo mzigo wa futi 14 ni halali ukiwa Texas na unahitaji kibali ukifika jimbo la 13 na 6, ingawa hukuongeza hata msumari. Urefu nao hutofautiana. Trela la futi 53 linakubalika karibu kote, lakini California inapima pia umbali kutoka kingpini (pini inayounganisha trela na kichwa cha lori) hadi ekseli ya nyuma, na mwisho wake ni futi 40.

Kibali cha nchi nzima kinapatikana wapi?

Hakipo. Serikali kuu haitoi kibali cha mzigo uliozidi. Kila jimbo unalopita linatoa chake, kwa masharti, bei na saa zake. Mzigo unaotoka Houston kwenda Chicago ukipitia Arkansas na Missouri unahitaji vibali 4. Zaidi ya hapo, ukiacha barabara za jimbo na kuingia za kaunti au za jiji, mara nyingi kuna kibali kingine tena. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, kwa sababu maili 3 za mwisho kwenda kwenye mgodi au eneo la ujenzi huwa si za jimbo. Ofisi ya jimbo haitakukumbusha.

Nimevuta lobedi miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba. Uzoefu huo unanifaa huku?

Wa kufunga mzigo, kusoma barabara na kukata kona na trela refu, ndiyo, tena sana. Wa makaratasi, kidogo tu. Kule unashughulika na mamlaka ya barabara ya nchi, KeNHA kwa Kenya au TANROADS kwa Tanzania. Huku kila mpaka wa jimbo ni mamlaka mpya.

Angalia pia uzito. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori la ekseli 7 linaruhusiwa tani 56 bila kibali maalumu. Marekani paundi 80,000 ni tani 36.3 tu. Mzigo ambao Afrika Mashariki ungepita mizani bila maneno, huku unakuwa mzigo wa vibali.

Na jihadhari na neno "tani" lenyewe. Tani ya Marekani ni paundi 2,000, si kilo 1,000. Broka, yaani dalali wa mizigo, akisema mashine ina tani 40, anamaanisha paundi 80,000, yaani kilo 36,300 hivi. Lakini kijikaratasi cha kiwanda kwenye mashine ya Kijapani au ya Ulaya kikisema tani 40, hizo ni kilo 40,000, zaidi ya paundi 88,000. Tofauti ya paundi 8,000 inatosha kukulazimisha kuongeza ekseli nzima.

Je, mzigo wowote mzito hupewa kibali?

Hapana. Kibali cha uzito hutolewa kwa mzigo usiogawanyika. Kanuni za serikali kuu zinausema hivi: mzigo haugawanyiki iwapo kuutenganisha kutauharibia kazi yake, kutaua thamani yake, au kutachukua zaidi ya saa 8 za kazi kwa vifaa vinavyofaa. Na mwenye kuomba ndiye anayetakiwa kuthibitisha hizo saa. Ekskaveta (mashine ya kuchimba) haigawanyiki. Mabomba 30 ya chuma yanagawanyika, na hayatapewa kibali cha uzito hata ukilia.

Eneo la utata ni ndoo, vizito vya nyuma na matairi ya ziada vinavyobebwa pamoja na mashine. Majimbo mengi hukubali vipande kadhaa kama uzito wote uko ndani ya 80,000 na kipande cha pili hakiongezi upana wala kimo. Uzito ukishapita hapo, uliza kabla ya kupakia. Askari wa mizani akiona ndoo imelazwa mbele ya mashine na kibali hakikuitaja, ana haki ya kusema kibali hakihusu mzigo huu.

Vipimo nivichukue kwa nani?

Kwa futi yako ya kupimia. Vipimo vya broka ni makisio, na ndivyo vinavyoharibu safari nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kwa kawaida vimetolewa kwenye kijitabu cha mashine mpya ya kiwandani, wakati mashine unayokwenda kuchukua ina ndoo kubwa zaidi, kabini yenye kinga ya mawe, minyororo ya kutembelea mipana zaidi na tangi lililojaa dizeli. Dizeli peke yake ina paundi 7 hivi kwa galoni, hivyo galoni 150 ni zaidi ya paundi 1,000.

Omba picha ya kibati cha mashine chenye namba ya modeli, na picha ya mashine ikipimwa. Bei yako iseme wazi kwamba inategemea vipimo hivyo. Ukifika:

Upana upime mahali panapojitokeza zaidi, si kwenye mwili wa mashine. Vioo, ngazi, vishikio, mabomba ya haidroliki, na minyororo au bainda (vikaza minyororo) zako mwenyewe zikichomoza, vyote huonekana kwa askari.

Kimo kipime mzigo ukiwa umeshafungwa, mifuko ya hewa ikiwa kwenye kimo cha kutembelea, lori likiwa mahali tambarare. Pima kutoka ardhini hadi juu kabisa. Mkono wa ekskaveta ukikunjwa, sehemu ya juu kabisa mara nyingi ni kiungo cha katikati cha mkono, na kuusogeza mkono kidogo tu kunaweza kukupunguzia inchi 6. Antena na taa inayozunguka juu ya kabini zivunjwe mapema, kwa bisibisi yako, kabla daraja halijafanya kazi hiyo.

Urefu ni kutoka bampa ya mbele ya kichwa hadi mwisho wa kila kitu, pamoja na kilichoning'inia nyuma.

Andika kwenye ombi kipimo halisi, na ongeza inchi moja au mbili kwenye kimo. Ukiongeza futi nzima "kwa usalama" utajiumiza. Ofisi itakupeleka njia ndefu zaidi, au itakudai gari la kusindikiza ambalo hukulihitaji.

Nitumie trela gani?

Anza na hesabu ya kimo. Deki ya trela tambarare iko karibu futi 5 kutoka ardhini, kwa hiyo chini ya futi 13 na 6 unabaki na futi 8 na nusu za mzigo. Trela la ngazi moja lina deki ya futi 3 na nusu hivi, likikupa futi 10. Lobedi yenye tumbo la inchi 18 hadi 24 inakupa futi 11 na nusu hadi 12. Mashine yenye kimo cha futi 10 na inchi 4 itapanda trela la ngazi na itadai kibali cha kimo. Kwenye lobedi ingepita bila kibali hicho. Wakati mwingine lobedi ya bei kubwa zaidi inakuokolea pesa za pailoti wa kimo (dereva wa gari la kusindikiza linalotangulia kupima madaraja kwa fimbo) katika majimbo 3.

Kwa mashine inayotembea yenyewe, lobedi ya shingo inayovuliwa ndiyo tunayoipendekeza. Mashine inapanda kwa mbele, bila rampu zenye mwinuko mkali. Rampu zilizolowa mvua, au zenye barafu, chini ya minyororo ya chuma, ni jambo la kuogopa.

Ninahitaji ekseli ngapi?

Hapa ndipo pa kukaa na karatasi na kalamu. Kibali hakikupi uzito wa jumla tu, kinakupa uzito kwa kila kundi la ekseli.

Kwanza elewa fomula ya madaraja, iliyoingia kwenye sheria ya Marekani katikati ya miaka ya 1970. Inasema W = 500 × [L×N ÷ (N−1) + 12N + 36]. W ni uzito kwa paundi, L ni umbali kwa futi kati ya ekseli ya kwanza na ya mwisho ya kundi, N ni idadi ya ekseli. Weka ekseli 5 na futi 51, utapata 79,875, na jedwali linaikamilisha kuwa 80,000. Ndiyo sababu lori fupi la ekseli 5 halibebi 80,000 hata kama matairi yanaweza. Daraja halijali jumla peke yake, linajali uzito umerundikana kwenye futi ngapi.

Ukiwa na kibali, mipaka ya makundi hupanda. Texas, kwa mfano, hutoa hadi 25,000 kwa ekseli moja, 46,000 kwa kundi la mbili, 60,000 kwa kundi la tatu na 70,000 kwa kundi la nne, mradi nafasi kati ya ekseli inatosha. Majimbo mengine yako chini au juu ya hapo.

Sasa chukua ekskaveta ya paundi 70,000. Kichwa cha ekseli 3 kina paundi 20,000 hivi, lobedi ya ekseli 3 ina 24,000. Jumla ni 114,000. Uwezo kwa mipaka ya Texas ni 12,000 kwenye usukani, 46,000 kwenye ekseli za kuvuta, 60,000 kwenye trela, jumla 118,000. Inaingia, lakini umebakiwa na paundi 4,000 tu za kuchezea, kwa hiyo mahali utakapoiweka mashine kwenye deki pana uzito kuliko jumla yenyewe. Ukiisogeza mbele kupita kiasi, ekseli za kuvuta zinapita 46,000 huku trela likiwa na nafasi tele.

Ekskaveta ikiwa na paundi 80,000, jumla inakuwa 124,000 na ekseli 6 hazitoshi. Kuongeza ekseli ya nne nyuma ya trela kunaongeza uwezo kwa 10,000, lakini ekseli hiyo nayo ina uzito wake, paundi elfu kadhaa, inayokula sehemu ya ulichopata. Utajikuta umeshikilia kwenye mpaka, au umeupita kidogo. Kichwa chenye ekseli 3 za kuvuta ni jibu bora: 12,000 + 60,000 + 60,000 ni 132,000, na jumla ya gari lenye uzito wa 23,000, lobedi na mashine ni 127,000. Huo ni mpango wenye pumzi.

Jumla yangu iko sawa lakini kundi moja limezidi kwa paundi 1,500. Nifanye nini?

Sogeza mzigo. Kwa lobedi, inchi 12 za kuisogeza mashine ya paundi 70,000 huhamisha paundi elfu moja na zaidi kati ya ekseli za kuvuta na za trela. Kiasi kamili kinategemea umbali kati ya kingpini na katikati ya ekseli za trela. Gawa inchi ulizosogeza kwa umbali huo wa inchi, kisha zidisha kwa uzito wa mashine. Umbali ukiwa futi 38, yaani inchi 456, basi 12 ÷ 456 × 70,000 ni 1,842.

Pima kwenye mizani ya kibiashara, kama zile za vituo vya malori, kabla hujakutana na mizani ya jimbo. Na ukishasogeza, funga upya, pima kimo upya.

Kabla ya kuomba kibali niwe na nini tayari?

Namba ya USDOT (wizara ya uchukuzi ya Marekani) na idhini ya kufanya biashara ya usafirishaji, bima, usajili wa IRP (usajili wa pamoja wa majimbo) unaoonyesha 80,000 kwa kila jimbo la njia yako, IFTA ya kodi ya mafuta, na Fomu 2290 iliyolipiwa, ile ya kodi ya serikali kuu kwa magari mazito. Gari la zaidi ya paundi 75,000 hulipa kodi hiyo dola 550 kwa mwaka. Halafu kuna kodi za majimbo zinazomnasa mgeni: Kentucky ina akaunti ya KYU kwa magari ya kuanzia paundi 60,000, New Mexico ina kodi ya uzito na umbali, New York ina HUT, Oregon hutoza kwa maili. Ofisi ya vibali ikiona akaunti haipo au ina deni, ombi linasimama palepale.

Leseni ya udereva wa malori, CDL, ya daraja A inatosha, hakuna nyongeza ya leseni ya serikali kuu kwa mizigo mipana. Lakini soma bima yako. Bima nyingi za mzigo hazigusi mashine iliyogonga daraja, au zina kikomo cha chini kwa vifaa vya ujenzi. Barua pepe moja kwa wakala wako, ukitaja aina ya mashine na thamani yake, inatosha kulijua hilo kabla ya ajali.

Ombi lenyewe linakwendaje, na ni bei gani?

Majimbo karibu yote yana mfumo wa mtandaoni. Wa Texas unaitwa TxPROS na uko chini ya idara ya magari ya jimbo, si idara ya barabara. Utajaza maelezo ya kichwa na trela pamoja na namba za usajili, maelezo ya mzigo hadi namba ya utambulisho wa mashine, vipimo, idadi ya ekseli, nafasi kati ya ekseli moja na nyingine, uzito wa kila ekseli, na mahali pa kuanzia na kumalizia. Nafasi za ekseli zipime mara moja vizuri, uziandike ndani ya mlango wa gari. Utazihitaji kila wiki.

Mzigo mpana wa kawaida unaweza kupata kibali ndani ya dakika chache. Mzito unaohitaji mhandisi kuangalia madaraja huchukua siku. Bei hutofautiana mno. Texas hutoza dola 60 kwa kibali cha safari moja, kisha ukizidisha uzito wanaongeza ada ya matengenezo ya barabara, dola 150 hadi paundi 120,000 na kupanda ngazi kwa ngazi hadi dola 375 zaidi ya paundi 200,000. Majimbo mengine hutoza kwa tani na maili.

Wakala wa vibali atakuongezea ada yake kwa kila jimbo. Kwa anayeanza tunasema mtumie wakala, lakini soma kibali neno kwa neno kabla ya kuondoka. Kosa la tarakimu moja kwenye namba ya usajili ni kosa lako wewe unayeendesha.

Mzigo mkubwa kupita kiasi, ule wa superload, unaanzia wapi?

Kila jimbo lina mstari wake. Pennsylvania huweka hivi: zaidi ya paundi 201,000, au urefu zaidi ya futi 160, au upana zaidi ya futi 16. Ukivuka hapo unadaiwa uchunguzi wa njia, mchoro wa ekseli, hesabu za madaraja, barua kwa nini mzigo hauwezi kwenda kwa reli au meli, polisi, na pengine watu wa kampuni za umeme wa kuinua nyaya. Panga wiki kadhaa, si siku. Na usimpe mteja tarehe ya kufikisha kabla jimbo gumu kuliko yote kwenye njia halijajibu.

Gari la kusindikiza linahitajika lini?

Mara nyingi kuanzia upana wa futi 12 au 14, kimo cha futi 14 na nusu au 15, na urefu wa futi 100 na ushee. Texas ni legevu: upana wa zaidi ya futi 14 hadi 16 unadai gari moja, mbele kwenye barabara ya njia mbili, nyuma kwenye barabara pana. Zaidi ya 16 yanadaiwa mawili. Majimbo ya mashariki hubana mapema zaidi.

Uliza cheti cha pailoti. Washington, Utah, Florida na New York ni miongoni mwa majimbo yanayodai, na hayakubaliani yote kupokea vyeti vya wenzao. Bei ya pailoti huhesabiwa kwa maili, na juu yake kuna kima cha chini cha siku, malazi, na maili za kurudi kwake mtupu. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazosahaulika kwenye bei uliyompa mteja.

Kibali kimeidhinisha njia na pailoti ana fimbo ya kimo. Bado nihangaike na madaraja?

Ndiyo. Tarehe 23 Mei 2013, lori lenye mzigo uliozidi liligonga vyuma vya juu vya daraja la mto Skagit kwenye I-5, jimbo la Washington, na sehemu nzima ya daraja ikaanguka majini. Watu 3 waliokuwa kwenye magari mengine waliokolewa mtoni, hakuna aliyekufa. Lori lilikuwa na kibali, kilichotaja futi 15 na inchi 9, na gari la mbele lilikuwa na fimbo. Vyuma vya daraja lile vilikuwa vimepinda kama upinde: katikati ya barabara vilikuwa juu, pembeni vilishuka. Lori lilipita njia ya kulia. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya serikali kuu inayochunguza ajali za usafiri, walikuta pia kwamba dereva wa gari la mbele alikuwa anaongea na simu, na lori lilimfuata karibu mno kuweza kusimama.

Kila funzo la kazi hii limo humo. Jimbo linakupa njia, lakini kuichunguza kimo chake ni kazi yako. Kabla ya safari, pata orodha ya vimo vya madaraja ya kila jimbo, na uulize njia ipi ya barabara inafaa, ya kushoto au ya kulia. Fimbo iwekwe inchi 3 hadi 6 juu ya mzigo. Pailoti akae mbali kiasi cha wewe kuweza kusimama kabisa akipiga kelele redioni, na umbali huo kwa lori la paundi 120,000 ni mrefu kuliko unavyodhani. Simu ya pailoti inyamaze, redio ndiyo iongee.

Lami mpya nayo hupunguza kimo. Kibao cha daraja hakibadilishwi usiku ule ule barabara ilipomwagwa inchi 2.

Ninaruhusiwa kwenda saa ngapi?

Desturi ya majimbo mengi ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Miji mikubwa hufunga asubuhi na jioni wakati wa msongamano. Sikukuu kama Memorial Day, 4 Julai, Labor Day, Thanksgiving na Krismasi hufungwa, mara nyingi kuanzia saa sita mchana ya siku iliyotangulia. Ukungu, barafu na upepo mkali ni marufuku hata kama kibali kina tarehe ya leo.

Lipange hili pamoja na saa zako za kuendesha: 11 za usukani ndani ya dirisha la 14. Desemba mchana wa kaskazini una urefu wa saa 9 tu. Toa hapo saa za msongamano, na siku yako ya maili 600 inakuwa maili 300. Panga pia pa kulala, kwa sababu kituo cha malori kilichojaa saa kumi na moja jioni hakina nafasi ya mzigo wa futi 14. Piga simu mchana.

Majimbo ya kaskazini yana jambo lao la ziada. Machi hadi Mei barafu iliyo chini ya barabara inapoyeyuka, udongo unalainika. Michigan hupunguza uzito unaoruhusiwa kwa asilimia 25 kwenye barabara za zege na asilimia 35 kwenye za lami, isipokuwa barabara zilizotengwa. Mzigo mzito wa kwenda huko unaoweza kusubiri Juni, usubiri.

Minyororo mingapi inatosha?

Mashine ya paundi 10,000 au zaidi inadai angalau vifungo 4, kila kimoja chenye uwezo wa kazi wa paundi 5,000 au zaidi. Vifaa vya haidroliki vishushwe hadi chini kabisa na vifungwe navyo. Lakini hiyo 4 ni sakafu tu. Jumla ya uwezo lazima ifikie nusu ya uzito wa mzigo, na mnyororo unaotoka kwenye trela na kuishia kwenye mashine huhesabiwa nusu ya uwezo wake. Unaopita juu na kufungwa upande wa pili ndio unaohesabiwa wote.

Mashine ya paundi 46,000 inadai 23,000. Mnyororo wa inchi 3/8 wa gredi 70 una uwezo wa 6,600, nusu yake ni 3,300. Unahitaji 7, na kwa kuwa hufungwa kwa jozi, weka 8. Madereva wengi huhesabu 6,600 nzima, hufunga 4, na hujikuta wamesimamishwa kando ya barabara. Bainda nayo iwe na uwezo wa mnyororo au zaidi, maana kinachohesabiwa ni kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote.

Alama na bendera ni zipi?

Bango la njano lenye maneno OVERSIZE LOAD kwa herufi nyeusi, la futi 7 kwa inchi 18 kwa kawaida, mbele na nyuma. Bendera nyekundu au za rangi ya chungwa iliyokoza za inchi 18 kwa 18 kwenye ncha zilizochomoza. Kanuni ya serikali kuu huanzia inchi 4 pembeni au futi 4 nyuma. Taa ya kaharabu inayozunguka hudaiwa na majimbo mengi. Ukimaliza kazi, funika au toa bango. Kutembea mtupu na bango wazi ni kosa katika baadhi ya majimbo.

Barabara ya kibali imefungwa kwa ujenzi. Nifuate vibao vya mchepuko?

Usifuate. Vibao hivyo vimewekwa kwa magari ya kawaida. Simama mahali salama, piga simu ofisi ya vibali au wakala, upate marekebisho kwa maandishi. Polisi akikuamuru kupita njia nyingine, mtii, na uandike muda na namba ya gari lake. Ukitoka nje ya njia kwa hiari yako, kibali kinakufa hapo hapo, na uzito wako huhesabiwa kuanzia 80,000 kana kwamba hukuwahi kuwa na kibali. Kwa lori la 124,000 hiyo ni faini ya paundi 44,000 za ziada. Ramani ya simu nayo iweke mbali. Haijui upana wako.

Kichwa kimeharibika katikati ya safari. Nikodi kingine niendelee?

Kibali kinataja kichwa hicho kwa namba zake. Kichwa kipya kinahitaji marekebisho ya kila kibali kilichobaki, na uzito mpya wa ekseli kama muundo wake ni tofauti. Vibali vya safari moja hudumu siku chache tu, kwa hiyo omba muda uongezwe kabla havijaisha. Kikishakwisha saa sita usiku, majimbo mengi hukutaka uanze ombi upya na ulipe upya, na lori likae pale lilipo mpaka kipatikane.